Aliyemtundika Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa na mpwa wangu, binti wa dada yangu. Alikuwa na mawili ya shule, akaniambia, "Mjomba, hadithi zako zinapotea hewani. Ziandike." Basi naandika. Mimi niliishia darasa la sita, lakini la sita la enzi zetu ukiliweka kwenye mizani na hivi vidato vya leo, vidato vinapaa juu kama manyoya. Mwalimu wetu wa hesabu akikwama alikuwa ananiita mbele nimkwamue.

Mvua imeanza leo. Kuni za upande mmoja wa banda zimelowa zote. Mimi ndiye mtunza kuni wa kiwanda cha sabuni. Zamani nilikuwa kwenye boila yenyewe, na boila ile ikisikia kishindo cha viatu vyangu ilianza kuchemka kabla sijawasha kiberiti. Sasa magoti yamenisaliti. Mvua ina siku moja, mimi tayari nimeichoka.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kuni mbichi. Magoti.

Jumamosi, 8 Machi

Leo sikuenda kazini. Nimekaa sebuleni na Dada, yeye kwenye cherehani lake anashona sare za shule, mimi nimenyoosha miguu juu ya kigoda. Nakaa kwake, chumba cha nyuma, tangu mumewe afariki, miaka kumi na minne sasa. Mpwa wangu akaingia na kitabu chini ya kanga kisilowe.

"Mjomba, nisaidie. Shuleni kuna mdahalo."

"Umefika penyewe. Mimi nilishawahi kumnyamazisha wakili."

"Wakili gani?"

"Wakili tu. Alikwenda akaacha kazi. Haya, sema."

Akanieleza. Wanasoma tamthilia ya jemadari mmoja. Jemadari huyo, kwa kiburi chake, alivunja ahadi ya amani na maadui, maadui wakaja na jeshi zima. Mji ulipozidiwa, akasimama peke yake langoni, akapigana mpaka akafa, watu wakapata nafasi ya kukimbia. Swali la mdahalo: huyu ni shujaa, au ni mhalifu?

"Tumegawanywa kwa kura," akasema. "Mimi nimeangukia kwa wanaosema ni mhalifu. Na mimi simwoni mhalifu, Mjomba. Nikimsoma namwona Baba."

Hapo nilifurahi, maana hadithi ya baba yake ni yangu mimi. Mtaa mzima wanaijua kwa mdomo wangu. Nikamsimulia tena, kwa mikono yote miwili: boila ilivyonguruma mpaka mabati yakacheza, Shemeji alivyowabeba watu saba mmoja mmoja na kuwarusha dirishani kama miche ya sabuni, mimi nikiwa nje nawadaka, wawili wawili. Halafu akarudi ndani peke yake kuufungulia mvuke njia, la sivyo mtaa huu leo ungekuwa shimo la kufugia bata.

"Basi nitawezaje kusema mtu kama huyo ni mhalifu?" akauliza.

Dada alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. Kila nikisimulia huwa anaacha.

Jumanne, 11 Machi

Nimepasua kuni mpaka shoka likaomba maji ya kunywa. Nikalinyima.

Ijumaa, 14 Machi

Nilipeleka toroli la kuni chumba cha boila, nikainua macho, nikamwona Mkwe.

Nieleze, maana wajukuu wakisoma hawatajua. Juu ya boila kuna vali ya usalama, yenye mkono wa chuma. Mvuke ukizidi, vali inafunua mdomo na kuutapika nje, ffyaaa, mpaka presha ishuke. Kuni zikiwa kavu hilo halina shida. Lakini wakati wa mvua kuni zinatoa moshi badala ya moto, mvuke unapatikana kwa kubembeleza, na ukishapatikana hutaki vali iumwage. Kwa hiyo tulikuwa tunachukua jiwe la mizani, la chuma, tunalining'iniza kwa waya kwenye ule mkono. Vali inafumba mdomo. Sabuni inachemka haraka, watu wanakwenda nyumbani mapema. Jiwe lile tuliliita Mkwe, maana mbele ya mkwe hakuna anayefumbua mdomo ovyo.

Na Mkwe alikuwa na sheria moja: aliyemtundika ndiye atakayemshusha, na asitoke nje ya mlango kabla hajamshusha.

Baada ya ile ajali Mkwe aliondolewa. Leo nimemkuta anabembea.

"Nani kamrudisha huyu?" nikauliza.

"Meneja anataka matangi manne kwa siku," akasema Mrefu, kiongozi wa zamu, kichwa chake karibu kinagusa bomba. "Kwa kuni hizi zako zilizooga? Bila Mkwe tutalala hapa."

"Ni hatari."

Yule tunayemwita Kofia akacheka. "Hatari kwa nani, mzee? Ikizidi tunaingia tunamtoa. Si ndivyo alivyofanya shemeji yako? Wewe mwenyewe umetulea kwa hadithi hiyo. Mwanamume hakimbii mvuke!"

"Watu saba, dirishani!" akasema Mrefu, na wakagongana mikono.

Nikacheka nao. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Hata paka wa banda amegoma kushuka kwenye boriti.

Alhamisi, 20 Machi

Mpwa wangu anafanya mazoezi ya kusema mbele ya kabati lenye kioo. Anasema maneno mazuri lakini hayana meno. Nikamwambia, ukimsema mtu useme kama unamdai.

"Sina la kumshika, Mjomba. Alikufa kwa ajili yao! Nikisema nini watu watasahau hilo?"

Nilikuwa nimechoka, nimetoka kubeba kuni tangu alfajiri. Labda ndiyo maana ulimi uliteleza. Nikasema, "Mtu akiwasha moto kwa mkono huu, akauzima kwa mkono huu, akaungua, utampa pole au utampa pingu?"

Akageuka. "Rudia."

"Nimesahau."

"Hukusahau." Akachukua kalamu, akaiandika yote, neno kwa neno. Tangu lini watu wananiandika maneno yangu? Ningefurahi, kama yangekuwa mengine.

Jumatatu, 24 Machi

Mdahalo. Nilivaa koti langu la harusini, ambalo bado linanitosha nikiwa nimevuta pumzi. Ukumbi wa shule ni wa mabati, mvua inapiga, wasemaji wanapayuka kama wanauza samaki. Dada hakuja, alisema ana sare za kumaliza.

Kijana wa upande wa pili alisema vizuri, siwezi kumnyima. "Mhalifu huua wengine ili apone. Huyu alikufa ili wengine wapone. Kama kila aliyewahi kukosea ni mhalifu, basi mwalimu afunge milango twende jela wote, na yeye atangulie!" Ukumbi ukalipuka kicheko, mwalimu mwenyewe akafuta miwani.

Kisha akasimama mpwa wangu. Akawatupia yale maneno ya mkono huu na mkono huu. Halafu akaongeza la kwake, ambalo sikumpa mimi:

"Wenzangu wamewahesabu waliokimbia wakapona. Sawa. Nani amewahesabu waliokufa kabla jemadari hajafika langoni? Wana wake, wana mama zao. Kitabu kizima hawana hata mstari mmoja. Mwandishi amewasahau kwa sababu hawakufa kwa kupendeza."

Wakashinda. Nilisimama nikapiga makofi, na makofi yangu mimi yanasikika wilaya tatu. Leo yalisikika yamelowa.

Tukarudi chini ya mwavuli mmoja. Njiani akasema, "Nilipokuwa nasema ulikuwa unaangalia chini."

"Goti lilikuwa linauma."

"Mjomba, siku ile Baba alikuwa wapi boila ilipoanza kuzidi?"

"Ndani," nikasema. "Alikuwa ndani."

Jumamosi, 29 Machi

Mkwe yupo palepale. Wiki hii nimempita kila siku, na kila siku nimenyamaza. Hata mimi kanifumba mdomo.

Jumatano, 2 Aprili

Leo geji ya presha ilipita alama nyekundu. Nilikuwa naingia na toroli. Mrefu alikuwa ameitwa getini, na Kofia, ambaye ndiye aliyemtundika Mkwe asubuhi, alikuwa koridoni anafunga kamba ya kiatu na kupiga soga. Nikapiga kelele. Kofia akaruka ngazi, akamng'oa Mkwe kwa mkono mtupu, vali ikafunguka, mvuke ukamchoma kiganja mpaka ngozi ikatoka kama ganda la kitunguu. Watu wakaja mbio. Na walipoona presha inashuka, wakamnyanyua juu!

"Shujaa! Shemeji mpya kapatikana!"

Yeye mwenyewe alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Kesho, amesema, atamtundika tena, kwa mkono wa kushoto.

Nimerudi nyumbani nimekaa na daftari hili. Nimechoka. Kuni nimezibeba miaka mingi, lakini hiki kingine ni kizito zaidi, na sina toroli la kukibebea. Nitaandika mara moja tu.

Siku ile, mvua ilikuwa kama hii. Shemeji ndiye aliyemtundika Mkwe, saa mbili asubuhi. Nilimwona. Sikusema kitu, maana na mimi nilitaka kwenda nyumbani mapema. Mimi nilikuwa nje, barazani, kwenye meza ya kukatia sabuni, nawasimulia wakataji jinsi nilivyowahi kusukuma lori lenye shehena kulitoa kwenye matope. Hawakuniamini. Nikaita, "Shemeji! Njoo unishuhudie, hawa wananiita mwongo!"

Akaja. Alitoka nje ya mlango kwa sababu mimi nilimwita aje kushuhudia uongo. Na alinishuhudia, Mungu amrehemu, akaongeza na wake, akasema malori yalikuwa mawili. Tulicheka mpaka mmoja wetu akakaa chini. Sijui ilipita robo saa, sijui nusu.

Halafu akatazama juu ya paa. Hapakuwa na mvuke unaotoka. Hakupiga kelele, hakusema "kimbieni", hakusema kitu. Alikimbia kuingia. Mle ndani walikuwamo wachochezi wawili wanatia kuni. Boila ikapasuka akiwa hata hajafika kwenye ngazi, maana tulimkuta hapo.

Hakuna saba. Hakuna dirisha, chumba cha boila hakijawahi kuwa na dirisha. Sikumdaka mtu. Nilikuwa chini ya meza, sabuni zimenijaa mgongoni. Walikufa watatu. Wale wawili kwenye hadithi yangu sikuwahi kuwatia, kwa sababu ukiwatia, mtu atauliza.

Ijumaa, 4 Aprili

Niliwaambia. Wakati wa chai, wote wapo, Kofia na bandeji yake. Nikasimama nikasema kama nilivyoandika juzi.

Mrefu akapiga paja. "Mzee leo katunga mpya! Shemeji kageuka jambazi!"

"Naapa."

"Uliapa na kwenye lile lori!"

"Na wakili!" akasema mwingine.

"Mzee anamwonea wivu Kofia," wakasema. "Sasa kuna shujaa kijana."

Nikaenda kwa Meneja. Alinisikiliza huku anatia saini makaratasi. "Katika watu wote wa kiwanda hiki," akasema, "wewe ndiye unakuja kuniletea habari za kweli? Nenda kaanike kuni."

Mvua inanyesha. Nizianike wapi?

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemwambia Dada. Nilisubiri amalize pindo, nikamwambia yote, na kwamba mimi ndiye niliyemwita. Mpwa wangu alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Nilitaka kunyamaza, Dada akasema, "Mwache asikie. Njoo ukae, mama."

Nilipomaliza, Dada akakata uzi kwa meno.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba alimtundika yeye. Kila wakati wa mvua alikuwa akirudi mapema, ananiambia, leo Mkwe katusaidia. Wewe unadhani mke ni ukuta? La kumwita nje ndilo sikulijua."

"Na miaka yote hii unanisikiliza na watu saba wangu?"

"Mwanzoni ilinipa nguvu ya kupita sokoni. Baadaye nikawa nasubiri uchoke."

Mpwa wangu hakuwa ameweka ndoo chini. "Kwa hiyo Baba ni nini?" akauliza. "Shujaa au mhalifu?"

"Ni baba yako," Dada akasema. "Hilo halipigiwi kura."

"Mimi nimelipigia!" Sauti ikampasuka. Akanigeukia. "Nilisimama mbele ya shule nzima nikamshinda baba yangu mwenyewe, kwa maneno uliyonipa wewe, na wewe ukanipigia makofi."

Akaweka ndoo, akaenda chumbani kwake. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Alhamisi, 10 Aprili

Mpwa wangu hanisemeshi. Chakula ananiwekea, anafunika, anaondoka. Kofia amemtundika Mkwe kwa mkono wa kushoto, kama alivyoahidi.

Jumatatu, 14 Aprili

Saa nne asubuhi nilimwona Dada anapita getini na mwavuli, amevaa nguo yake ya kwendea watu. Miaka kumi na minne hajakanyaga pale. Mlinzi alivua kofia akampisha, maana kwa mlinzi yule ni mjane wa shujaa.

Hakuniuliza njia. Akaenda moja kwa moja chumba cha boila, mimi nyuma yake nachechemea. Mrefu akainama kumwamkia, "Shikamoo, Mama." Wengine wakafuata.

"Marahaba. Mnanijua?"

"Nani asiyekujua, Mama!"

"Basi nisikilizeni, maana huyu mdogo wangu hamkumwamini, na siwalaumu. Tazameni chumba hiki. Mume wangu alirusha watu dirishani. Nionyesheni dirisha."

Wakatazama. Naapa kwamba waligeuza vichwa kweli, kuta zote nne, watu wanaofanya kazi mle kila siku.

"Hakuna," akasema Dada. "Mume wangu ndiye aliyemtundika Mkwe. Akatoka nje kwenda kucheka na wenzake. Alipokumbuka akarudi mbio, kwa sababu alikuwa mtu mwema. Na wachochezi wawili walikufa kwa mkono wake, mtu mwema huyohuyo. Mkitaka kumsifu, msifuni na hilo. Nimepita leo kwa mjane wa mmoja wao nikamwambia kwa mdomo wangu, kabla ya kuja kuwaambia ninyi."

Mtu akakohoa. Presha ilikuwa inapanda, sindano ya geji naiona.

"Sasa huyu hapa," akasema, akanyoosha mwavuli juu kule kwenye waya, "nani kamtundika leo?"

Mkono wenye bandeji ukapanda taratibu, kama wa mtoto darasani.

"Una mke, baba?"

"Ninaye, Mama."

"Anajua kusimulia?"

Kofia akatikisa kichwa. Akapanda ngazi, akafungua waya, akashuka na Mkwe kifuani. Vali ikafumbua mdomo, mvuke ukatoka kwa kelele ambayo sijaisikia mwezi mzima, na hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake tena. Mrefu alilichukua lile jiwe akatoka nalo kwenye mvua, kwenda ofisini kwa Meneja. Hatukusikia walichosemezana. Alirudi mikono mitupu, akasema leo ni matangi mawili, na anayetaka manne aje achochee mwenyewe.

Nilimsindikiza Dada mpaka nyumbani. Alikuwa anatembea polepole, nikadhani ni kwa ajili ya goti langu. Nikamuuliza yule mjane alisemaje.

"Aliniuliza kama nakumbuka jina la mumewe. Nikalitaja. Akanikaribisha ndani."

Tukapita maduka yote, watu wanamwamkia, anaitikia. Karibu na mlango akasimama, akafunga mwavuli ingawa mvua haijaisha.

"Miaka kumi na minne," akasema, "nimekuwa mjane wa hadithi yako. Leo ndiyo nimefiwa na mume wangu."

Akaingia. Mimi nilibaki nje kidogo, nikalowa.

Jumatano, 16 Aprili

Tunamaliza kazi jioni sana. Watu wananung'unika, lakini wananung'unika wakiwa wazima.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua imepungua. Mpwa wangu ameingia chumbani kwangu bila kubisha, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kalamu na daftari lake. Macho yamevimba lakini sauti ni yake.

"Mjomba."

"Naam, mama."

"Wale wachochezi wawili. Niambie walikuwa watu gani. Na usiongeze."

Nikafikiri sana. Mmoja alikuwa akila amesimama, siku zote, hata uji. Alikuwa na watoto sita na mguu mmoja aliuburuza kidogo. Mwingine alipiga mluzi wimbo mmoja tu, na akiukosea alirudia tangu mwanzo. Aliwahi kuniazima kisu chake nikakivunja, hakunidai.

"Na kingine?"

Nilitafuta kingine. Ulimi wangu, ambao ungeweza kumpa kila mmoja wao simba wa kuua na mto wa kuvuka, ulikaa kimya mdomoni.

"Hicho tu," nikasema. "Sikuwatazama vizuri."

Akaandika hicho tu.